Kwa Nini Kibali cha Kujenga Mashambani Hukwama Kabla Ramani Haijachorwa

Mtu akiamua kujenga kijijini, kitu cha kwanza anachotafuta ni ramani ya nyumba. Anaenda kwa mchoraji, anachagua vyumba, anapiga hesabu ya mabati, kisha anapeleka makaratasi katika ofisi ya kaunti akitarajia yapigwe muhuri. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba shamba bado lina jina la marehemu babu yake. Au kwamba ardhi imeandikishwa kuwa ya kilimo ilhali yeye anataka kujenga nyumba za kupangisha. Au kona moja ya jengo imeingia kwenye hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa barabara. Ramani yenyewe haina kasoro. Kilichomkwamisha ni ardhi ambayo nyumba inataka kusimama juu yake.

Katika kaunti za mashambani za Kenya, fundo liko hapo. Ofisi ya kaunti inaonekana kama mahali pa kukagua michoro, lakini kazi kubwa ya maombi hufanyika katika sajili ya ardhi, mahakamani, kwa mpimaji na kwa afisa wa afya ya umma. Anayelijua hilo mapema huanza upande ule, naye hujiokolea fedha nyingi na miezi ya kuzunguka.

Tuanze na swali la nani mwenye mamlaka. Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, na Jedwali lake la Nne likazikabidhi kazi ya kupanga matumizi ya ardhi, upimaji na makazi. Kwa hiyo kibali hakitoki Nairobi, wala chifu hawezi kukitoa, kwa sababu chifu ni mtumishi wa serikali ya kitaifa. Sheria inayoongoza ni ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya sheria ya 1996. Kifungu chake cha 57 kinasema wazi kwamba hakuna anayeruhusiwa kuendeleza ardhi ndani ya kaunti bila idhini ya waziri wa kaunti anayesimamia ardhi. Atakayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili, na anaweza kuamriwa kuirejesha ardhi ilivyokuwa. Na kuendeleza ardhi kisheria ni zaidi ya kuinua kuta. Kubadilisha matumizi ya jengo lililopo, kwa mfano kuligeuza boma kuwa kilabu au zahanati, nako kunahesabiwa.

Wazee wengi watakwambia kwamba wao hawakuwahi kuomba ruhusa ya mtu kujenga kwao, nao wanasema kweli. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zilitumika pale tu ambapo baraza la eneo lilizikubali rasmi, na katika vijiji vingi hazikufika kabisa. Leo zipo Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizochukua nafasi ya zile za zamani, na kila eneo liko chini ya kaunti fulani. Ni kweli pia kwamba maafisa huzifuata kwa karibu zaidi nyumba za kupangisha, maduka, shule na vituo vya mafuta kuliko nyumba ya familia iliyo katikati ya shamba. Lakini kutofuatwa hakumaanishi kuruhusiwa. Siku mwenye nyumba atakapotaka mkopo wa benki, au jirani atakapokwenda kulalamika, swali la kwanza litakuwa kibali.

Ardhi ni ya nani

Kaunti hukubali ombi kutoka kwa mwenye ardhi au aliyepewa idhini na mwenyewe. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi, ambao hutoa taarifa ya mwenye shamba, ukubwa wake, na kama lina rehani au pingamizi. Hata kama hatimiliki iko kabatini, fanya upekuzi. Hatimiliki inaonyesha hali ya siku ilipotolewa, nayo sajili huonyesha hali ya leo.

Tatizo linalojirudia kuliko yote ni jina la marehemu. Shamba liliandikishwa kwa babu wakati wa ugawaji wa miaka ya 1950 au 1960. Babu akafa, wanawe wakagawana kwa mdomo mbele ya wazee, wajukuu wakajenga. Kila mtu kijijini anajua mpaka wa kila mtu. Lakini kisheria shamba lote bado ni la marehemu, na Sheria ya Urithi inakataza mtu yeyote kuishughulikia mali ya marehemu kabla mahakama haijamteua msimamizi. Njia ya kutoka hapo ni kesi ya mirathi. Huanza kwa barua ya chifu inayowataja warithi wote, wake kwa waume, kisha maombi mahakamani, kisha tangazo katika Gazeti Rasmi la serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Hati ya usimamizi ikitolewa, kwa kawaida huchukua miezi sita kabla ya kuthibitishwa, na baada ya hapo ndipo shamba hugawanywa rasmi na kila mrithi akapata hati yake. Hatua hizo zote hutangulia ramani ya nyumba.

Hapa nataka kusisitiza jambo moja. Binti aliyeachwa nje ya orodha ya chifu, awe ameolewa au la, ana haki ya kuomba hati ya usimamizi ifutwe, na mahakama za Kenya zimefuta nyingi kwa sababu hiyo. Nyumba iliyojengwa kwa hati ya namna hiyo inasimama juu ya mgogoro. Kuwaita dada wote mezani tangu mwanzo ni haki yao, na pia ni ulinzi wa anayejenga.

Kwenye vituo vya biashara vya mashambani hali ni nyingine. Ploti nyingi za sokoni ziligawiwa na mabaraza ya kaunti ya zamani, yale yaliyokuwepo kabla ya ugatuzi, na mwenye ploti alipewa barua ya mgao tu. Hakuna hatimiliki, na wakati mwingine ploti moja ina barua mbili zenye majina tofauti. Kaunti zilirithi madaftari hayo. Kabla ya kununua au kujenga sokoni, nenda ofisi ya ardhi ya kaunti uombe uthibitisho wa maandishi kwamba namba ya ploti, jina na malipo ya kodi vinaafikiana na daftari lao. Neno la afisa kwa simu halitoshi.

Kule Turkana, Marsabit, Samburu na sehemu kubwa ya kaskazini, ardhi nyingi ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema jamii ikishajiandikisha, ardhi husimamiwa na kamati iliyochaguliwa na mkutano mkuu wa wanajamii, na mtu hupewa haki ya kutumia sehemu fulani. Ardhi ambayo bado haijaandikishwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Kwa hiyo aliyeuziwa kipande cha malisho na mtu mmoja, hata akiwa na mkataba uliotiwa saini mbele ya mashahidi kumi, hana cha kupeleka katika ofisi ya mipango.

Lipo pia suala la mpaka. Mashamba mengi ya Kenya yana mipaka ya jumla, maana yake ramani ya sajili inaonyesha mpaka ulipo kwa kukadiria, bila vipimo kamili. Michoro mingi ilifuata nyua zilizoonekana kwenye picha za angani miaka hiyo ya ugawaji. Ua umehama, mti wa mpaka umekatwa, mto umebadili njia. Mkigombana na jirani, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inataka msajili wa ardhi ndiye atoe uamuzi kwanza, mahakama baadaye. Mlete mpimaji aliyesajiliwa kabla ya kuchimba msingi, naye jirani awepo siku ya kupima.

Ardhi inaruhusiwa kutumiwa vipi

Jina likishakuwa sawa, kaunti huuliza kuhusu matumizi. Shamba la mashambani kwa kawaida limeandikishwa kuwa la kilimo. Mkulima anayejenga nyumba ya kuishi shambani kwake hapati shida kubwa hapo. Anayetaka kujenga nyumba kumi za kupangisha, hoteli, kanisa au ghala la biashara lazima kwanza aombe kubadilishiwa matumizi. Mpangaji wa ardhi aliyesajiliwa huandaa ripoti, tangazo huwekwa gazetini na bango shambani, na majirani hupewa nafasi ya kusema.

Kama shamba linakatwa au linauzwa, inahitajika idhini ya bodi ya ardhi ya eneo, ile inayosimamia mauzo na ugawaji wa ardhi ya kilimo tangu 1967. Maombi ya idhini hiyo yanapaswa kufika ndani ya miezi sita tangu mkataba wa mauzo. Wengi huinunua robo ekari, wakajenga, kisha wakagundua kwamba mauzo yao hayana nguvu kisheria kwa sababu bodi haikuwahi kuyaona. Na idhini ya bodi si kibali cha kujenga. Ni vitu viwili vinavyotolewa na serikali mbili tofauti: bodi iko chini ya serikali ya kitaifa, kibali kiko chini ya kaunti.

Baadaye huja mahali jengo linapokaa ndani ya shamba. Kando ya mto, kanuni za maji zinataka ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 uachwe wazi kila upande, kupimwa kutoka kiwango cha juu kabisa ambacho mafuriko yamewahi kufika. Watu hupima kutoka ukingo wa maji wa kiangazi, na hilo ni kosa la hatari. Wakazi wa Budalang'i na wa bonde la Tana wanajua maji hufika wapi masika yakizidi. Kwenye milima, mteremko wenyewe ni swali. Maporomoko ya West Pokot ya Novemba 2019 yaliua makumi ya watu usiku, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Afisa anayekataa jengo chini ya mteremko unaovuja maji anafanya kazi yake, na ningependa kaunti nyingi zaidi ziwe na wanajiolojia wa kumsaidia.

Barabara nazo zina wenyewe. Barabara kuu ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, zile za kitaifa za mashambani chini ya KeRRA, mamlaka ya barabara za mashambani, na barabara nyingi ndogo ni za kaunti. Kila moja ina hifadhi yake, na upana huo hautegemei lami iliyopo leo. Barabara ya vumbi yenye upana wa gari moja inaweza kuwa na hifadhi pana inayofika hadi kwenye ua wako. Duka linalojengwa kugusa barabara ili lionekane na wateja ndilo la kwanza kuwekewa alama nyekundu barabara inapopanuliwa, na mwenye duka aliyejenga ndani ya hifadhi hana msingi wa kudai fidia ya ardhi ile.

Afisa wa afya ya umma huangalia maji na choo. Kwenye shamba kubwa ni jambo jepesi. Kwenye kaunti kama Vihiga, ambako mashamba yamekatwa hadi vipande vidogo sana, choo cha shimo cha mmoja kinaweza kuwa hatua chache tu kutoka kisima cha mwingine. Umbali unaotajwa sana ni mita 30 kati ya shimo na kisima, na mchoro wa kiwanja lazima uonyeshe visima vya majirani pia, maana kinachochafuliwa ni maji ya wote.

Ramani, ada na siku za kungoja

Baada ya hayo yote, ramani. Michoro ya jengo hutiwa saini na msanifu majengo aliyesajiliwa, na ya nguzo, slabu na vyuma na mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi. Ramani ya kupakua mtandaoni haina saini ya mtu atakayewajibika, na haijui udongo wako. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, unahitaji msingi tofauti kabisa na ule wa mwamba wa Kitui. Majengo makubwa au yenye hatari kwa mazingira, kama vituo vya mafuta na vichinjio, yanahitaji pia leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kabla ya kuanza.

Ada hutofautiana kutoka kaunti hadi kaunti kwa sababu kila bunge la kaunti hupitisha sheria yake ya fedha. Mara nyingi hesabu hufuata ukubwa wa sakafu na aina ya jengo. Omba jedwali la ada la mwaka huu, ulipie kwa njia rasmi ya kaunti, uchukue risiti. Mtu anayedai fedha mkononi ili "asukume faili" hawezi kukupa kitu ambacho kitakulinda baadaye. Vibali vya kughushi vipo, na mwenye jengo ndiye anayebaki na tatizo.

Faili likishapokelewa, kaunti hulisambaza kwa idara husika: barabara, afya, mazingira, upimaji, kilimo. Sheria inazipa idara hizo siku 14 kutoa maoni. Zikinyamaza, huchukuliwa kwamba hazina pingamizi. Na kuna kifungu ambacho wananchi wachache wanakijua: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa.

Kifungu hicho ni kizuri, na mimi nakiona kuwa kinga muhimu kwa mtu anayetoka mbali kwenda makao makuu ya kaunti kila mara kuambiwa rudi wiki ijayo. Lakini kina masharti yake. Siku 60 huhesabiwa kutoka siku ambapo ombi kamili lilipokelewa, na bila muhuri wa tarehe kwenye nakala yako huna cha kuonyesha. Ukiambiwa kwamba karatasi moja inakosekana, omba uambiwe kwa maandishi. Siku zikitimia bila jibu, usichimbe kesho yake. Andika barua kwa waziri wa kaunti, taja tarehe ya kupokelewa na kifungu cha 58 cha sheria ya 2019, ambatisha nakala ya risiti, na uhifadhi ushahidi kwamba barua imefika. Bado unabanwa na kanuni za ujenzi, hifadhi ya barabara na ukanda wa mto; kimya cha ofisi hakiviondoi.

Kinachofuata baada ya muhuri

Kibali cha kaunti kikitoka, mradi husajiliwa na NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Watu huchanganya hivi viwili kila siku. Kaunti inaidhinisha jengo na mahali pake. NCA inaangalia ni nani anajenga. Wakandarasi wamepangwa katika ngazi nane, ya kwanza ikiwa ya kazi kubwa zaidi na ya nane ndogo zaidi, na mkandarasi wa ngazi ya chini hapaswi kupewa jengo lililozidi ngazi yake. Maafisa wa NCA wana uwezo wa kusimamisha kazi wakikuta eneo halijasajiliwa au halina bango linaloonyesha mradi na wahusika wake.

Wakati wa ujenzi, mkaguzi wa kaunti anapaswa kuona msingi kabla haujafunikwa, na vyuma vya slabu kabla zege halijamwagwa. Mashambani maafisa ni wachache na gari ni moja kwa kaunti ndogo nzima, hivyo mpe taarifa siku kadhaa mapema, kwa maandishi, kisha umngoje. Zege likishamwagwa hakuna anayeweza kuhesabu vyuma vilivyomo. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40, lilikuwa kando ya mto na lilikuwa limekwisha kuwekwa kwenye orodha ya kubomolewa. Vifo kama hivyo havitokei mjini tu: zege dhaifu na msingi mfupi ni hatari ileile kijijini, na hospitali iko mbali zaidi.

Kazi ikiisha, omba cheti cha kuruhusu watu kukaa. Wengi mashambani hawakiombi kabisa, lakini benki na makampuni ya bima hukiulizia, na shule au zahanati haiwezi kusajiliwa vizuri bila ushahidi kwamba jengo ni salama.

Na kama kaunti itakataa? Sheria inataka sababu zitolewe kwa maandishi, na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 inakupa haki ya kuzidai. Soma sababu hizo kwa makini, kwa kuwa nyingi hurekebishika: choo kisogezwe, jengo lirudishwe nyuma mita chache, mirathi ikamilishwe. Usiporidhika, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya ardhi ya kaunti, nayo inapaswa kuamua ndani ya siku 14 nyingine; ukishindwa hapo, mlango unaofuata ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Muda huohuo wa siku 14 unamhusu jirani asiyeridhishwa na kibali ulichopewa, kwa hiyo kabla ya kumwaga mchanga wa kwanza, hesabu siku hizo zipite.